Akidi Nyuma ya Pazia

Siku ya thelathini na moja ya eda yangu, bodi ya shule iliniletea mkutano nyumbani. Mume wangu Harith, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi hiyo, tumeshamzika, na mimi, mwakilishi wa wazazi, sitoki nje mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Bodi yetu pungufu ya watu saba haiamui kitu. Hiyo ndiyo akidi. Waliopatikana wenye kura ni sita. Mmoja alikuwa Umra, wengine Mombasa, wengine walipatwa na yale maradhi ambayo hayamjii mtu ila siku ya mkutano. Basi wakanifuata msibani. Idadi ikipungua, mwanamke naye huonekana mtu.

Shemeji yangu Shuaib, mdogo wa marehemu na naibu wake kwenye bodi, aliwaketisha wenzake ukumbini, juu ya jamvi. Mimi nilikaa ndani, pazia katikati yetu. Mkiniuliza nilihisi nini, nitasema kweli: sikuhisi kitu. Tangu mazishi nilikuwa nimekufa ganzi. Nilikula na ladha ya chumvi siijui. Watu wakisema pole, nami nasema tushapoa, kisha wanaondoka, na aliyekuja simkumbuki.

Ajenda ilikuwa moja, Huwaida. Aliolewa akiwa kidato cha tatu, akaachwa ana mimba, akajifungua, akaja kuomba arudi amalize kidato cha nne. Muhula uliopita bodi ilimkataa. Harith alisema mwanamke aliyekwisha kuzaa hawezi kukaa dawati moja na wasichana. Akainua mkono, nami nikainua wangu. Mke hampingi mumewe mbele za watu. Hata tuliporudi nyumbani sikumpinga, nilimpakulia chakula. Na Huwaida huyohuyo ndiye aliyeosha masufuria ya hitima siku tatu, mtoto mgongoni, wala hakuniomba neno.

Sasa usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa Ijumaa. Asiposajiliwa angeozwa tena, maana baba yake alishamtafutia mchumba mwingine kule Mkokoni, mtu mwenye wajukuu.

Mwalimu mkuu Murithi, mtu wa Meru, ndiye katibu wa bodi, na katibu hana kura. Alisoma mwongozo wa wizara, kisha akaufunga.

"Mama mwanafunzi anapokewa tena shuleni," akasema. "Kazi ya bodi ni kulinda haki yake ya kusoma. Kumhukumu si kazi yetu. Muhula uliopita tulikosea."

"Mwalimu, wewe u mgeni," Shuaib akamjibu kwa Kiamu. "Muyi huu una ndia zake na mila zake."

Wakabishana weee, sauti zikapanda na kushuka. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mwishowe Shuaib akaitisha kura.

"Wanaotaka arudi? Watatu. Wanaokataa? Watatu, na Bi Umulkheir wa nne. Mwalimu, andika. Yamekwisha."

"Shemeji," nikasema, "mkono wangu umeuonea wapi?"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza.

"Kura yako twaiyua, Bi Umulkheir. Wewe u pamoya na marehemu."

"Marehemu hana kura. Mimi ninayo. Huwaida arudi skuli."

Sauti yangu ilikuwa ileile ninayoagizia sukari dukani. Nilingoja nione fahari, au hofu, au hata aibu. Hapakuwa na kitu.

"Wanne kwa watatu," Murithi akasema taratibu. "Lakini Bi, kumbukumbu zinaonyesha mara ya kwanza ulikataa. Itabidi niandike sababu ya kubadilika."

"Andika hivi: mara ya kwanza nilimpigia kura mume wangu. Mtoto wa watu sikumfikiria."

Nikasikia wakiinuka na kutafuta viatu mlangoni. Murithi alikuwa akisema jina la Huwaida litapelekwa yeo yeo, yaani leo hii, akijaribu Kiamu chetu, maskini. Shuaib alibaki nyuma, akasogea karibu na pazia.

"Hata arubaini haiyatimia, ushamgeuka," akasema. Nilidhani ana hasira, kumbe analia. "Kama ulikuwa na neno, mbona hukumwambia mwenyewe?"

Akaenda zake. Nilikaa palepale mpaka adhana ya alasiri, na ganzi ikaanza kuniachia, kwa maumivu, kama mguu uliokaliwa. Jibu nilikuwa nalo. Ningesema nilimwogopa, lakini Harith hakuwa mkali. Ningemwambia siku ileile tukiwa wawili, angeninunia siku mbili, ya tatu angeomba chai na kulegeza neno lake, na Huwaida angekuwa darasani tangu Januari.