Matofali ya Upande wa Kushoto

Kila jioni, kabla chai haijapoa, baba alilizungusha garimoshi lake dogo mezani mara moja tu, binti yake akiwa kando na kitambaa cha kufutia reli. Jioni hiyo injini iliingia chini ya daraja jipya, ikakwaruza, ikalala ubavu.

"Huyu paka huyu!" baba alifoka.

"Paka yuko mapajani mwangu," mama alijibu kutoka kwenye kochi. "Tafuta mwingine wa kumsingizia."

Baba alicheka. Binti aliinama kuinua injini, ndipo alipoliona daraja vizuri. Baba alikuwa amelitengeneza kwa plasta na kuchonga matofali yake kwa ncha ya sindano, moja baada ya jingine. Nusu ya kulia ya tao ilikuwa kama kazi zake zote: matofali yamesimama kufuata mviringo, yamebanana kama meno. Nusu ya kushoto mistari ilipandana, matofali mengine hayakumaliziwa, na nguzo imetokeza hadi njiani. Na baba hakuwa mtu wa kulipua kazi.

Akakumbuka basi la shule alilokuwa akiliendesha baba. Juzi lilirudi na kioo cha pembeni kimevunjika, upande uleule. Baba aliulaumu ukuta.

"Nipe msasa niisugue hiyo nguzo," baba alisema.

Binti aliuweka taratibu mezani, kushoto kwa baba, karibu kabisa na kiwiko chake. Aliomba kimoyomoyo: Ona, baba. Tafadhali, uone.

"Uko wapi?"

"Hapo, baba."

"Hapo wapi? Binti yangu, umeanza kunichezea siku hizi?" Mkono wake ulipapasa meza, ukapindua kikombe. Chai ikatiririka hadi relini.

Mama aliacha kumpapasa paka.

"Kesho asubuhi..." binti alianza, akitazama chini.

"Sema na mimi, mwanangu, achana na vidole vya miguu yako," baba alitania. Lakini sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Binti akainua uso.

"Baba, kesho usiwabebe wale watoto. Upande wa kushoto huoni."