Rede Ndani ya Ukuta

Siku ya wazazi shuleni kwa Edgar, wanaume tisa walijipanga kushindana mbio za mita themanini. Leodegar alikuwa wa tatu kutoka kushoto, kavua viatu, suruali kaikunja mpaka karibu na magoti. Mkewe, Atuganile, alisimama chini ya turubai na kina mama wengine, anapiga vigelegele. Filimbi ilipolia, mumewe alitoka vizuri. Akaenda hatua kumi na tano, ishirini, kisha akaanza kupepesuka. Hakujikwaa wala hakusukumwa na mtu. Alikaa chini tu katikati ya uwanja, mkono kifuani, kama mtu aliyekumbuka jambo alilolisahau nyumbani.

Watu waliangua kicheko wakidhani ni mzaha. Hata Edgar, mtoto wa miaka tisa, alicheka. Atuganile hakucheka. Baba yake mzazi alianguka vile vile kwenye shamba la chai kule Tukuyu, akiwa na miaka hamsini na mmoja, na tangu siku ile hakutembea tena. Leodegar alikuwa na arobaini na nane.

Kesho yake walikwenda zahanati. Daktari Noela, binti mwembamba mwenye sauti ya upole, alimfunga mkanda wa kupimia presha mara mbili, maana mara ya kwanza hakuamini.

"Mia na sabini na mbili kwa mia na nne. Baba, unafanya kazi gani?"

"Mpima ardhi."

"Kumbe unatembea sana."

Leodegar akatazama viatu vyake. "Zamani, daktari. Siku hizi nakaa ofisini. Vijana ndio wanaokwenda porini."

"Na nyumbani?"

Atuganile akajibu kwa niaba yake. "Nyumbani pia tunakaa."

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka kumi na miwili walikuwa wapangaji Mbagala, vyumba viwili, uani mnagongana na majirani saba. Maji walibeba kwa ndoo, sokoni walikwenda kwa miguu, na watoto walishinda nje wakirukaruka mpaka waitwe kuoga. Kisha Mungu akawajalia nyumba yao wenyewe huku Mbweni, yenye ukuta mrefu, geti jeusi na bomba ndani. Wakanunua na gari. Siku walipohamia Atuganile alipiga magoti sebuleni akamshukuru Mungu kwa kuwatoa katika mateso. Miaka miwili baadaye sketi zake zote za kazini zilikuwa zimefumuliwa na kupanuliwa kiunoni, Edgar anahema akipanda ngazi ya kibarazani, na Bupe, binti yao wa miaka kumi na minne, hatoki chumbani ila kwa kuitwa kula. Kumbe Mbagala walidhani wanateseka, na ndiko walikokuwa wakifanya mazoezi.

Daktari alimwandikia Leodegar dawa, akamwambia apunguze chumvi na ajishughulishe kila siku. Leodegar akanunua suti ya michezo ya bluu. Asubuhi ya kwanza alikimbia mpaka kona. Ya pili, mlinzi wa nyumba inayojengwa jirani akamuuliza, "Mzee wangu, kuna usalama kweli?" Ya tatu, mbwa wawili wakamsindikiza mpaka getini, na suti ikaingia kabatini. Baada ya hapo akaleta mashine ya kukimbilia, akaiweka kando ya kochi. Akaipanda Jumatatu na Jumanne. Kufikia Ijumaa ilikuwa imeanikiwa mataulo.

"Nichoke peke yangu, nikitazama ukuta?" alisema Leodegar, mkewe alipomgusia. "Mie siwezi, Mama Bupe. Ni kama adhabu."

Jumamosi moja umeme ukakatika tangu saa nne asubuhi. Mpaka saa kumi jioni luninga ilikuwa kimya, simu zote zimezima, na watu wanne wamejilaza sebuleni kama magunia. Atuganile akawatazama wenzake, mmoja mmoja. Akapata hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani.

"Bupe, hebu toka nje ukacheze na wenzako."

"Wenzangu wepi, Mama?" Bupe hakuinua kichwa. "Huku kuna mageti tu. Mwezi wa kwanza tulipohamia nilikuwa natoka kila siku, nakaa pale nje nasubiri. Hakuna aliyetoka. Nikaacha."

Atuganile hakuwa na habari hiyo. Alikuwa akimwita mtoto mvivu, na mtoto alikuwa mpweke. Akaenda chumbani, akafungua droo ya mumewe, akatoa soksi sita zisizo na jozi. Akazisokota, akazishindilia moja ndani ya nyingine, akafunga kwa mpira wa kubania nywele. Akaokota chupa tupu ya plastiki jikoni, akaikata shingo, akaiweka katikati ya uwanja palipobaki mchanga wa ujenzi.

"Haya, rede! Bupe simama kule, mie huku. Edgar ingia kati. Ujaze chupa mchanga bila kupigwa na mpira. Ukipigwa, umekufa."

"Naijua, Mama. Mbagala nilikuwaga bingwa."

"Bingwa mbele ya mama yako? Tutaona."

Atuganile, mwalimu wa darasa la tano, alijifunga kanga kiunoni, akarusha. Mkono wa utotoni haukuwa umemsahau. Mpira ukampata Edgar kwenye kisogo kabla hajainama. Zamu ya Bupe ilipofika, binti aliingia kati kwa unyonge, akakwepa mmoja, wa pili, wa tatu akauruka kwa mguu mmoja huku mkono umejaa mchanga, na Atuganile akasikia sauti aliyokuwa ameisahau: mwanawe anacheka kwa nguvu, kicheko cha kukatika pumzi.

Leodegar alikuwa ametoka kibarazani na kikombe cha chai.

"Unamrushia chini mno," alimwambia mkewe. "Rusha kiunoni."

"Njoo urushe wewe."

"Mie nina presha."

"Ingia kati basi, usimame tu. Wewe huhitaji kukimbia, ulivyo mpana tutakupata hapo hapo."

Watoto wakalipuka kwa kicheko. Leodegar akaweka kikombe chini. Akaingia kati na ndala zake, akapigwa tumboni sekunde ile ile. Akadai hakuwa tayari. Wakampa nafasi nyingine, akapigwa tena. Mara ya tano alikwepa mpira kwa kuzunguka kama mcheza ngoma, na Bupe, kwa jazba, akaurusha kwa nguvu zote ukapaa juu ya ukuta.

Baadaye kidogo geti likagongwa. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio wa zambarau, mpira wa soksi mkononi, na wasichana wawili nyuma yake wanachungulia.

"Hodi jamani. Mie Mwanaasha, geti la kijani hapo mkabala. Hii rede naisikia tangu saa ile, wanangu wameshindwa kula. Nyie mnacheza, sie mnatuacha nje?"

Miaka miwili walikuwa majirani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuambiana majina. Wasichana wakamwamkia Leodegar, "Shikamoo baba," na kabla hajamaliza kuitikia walikuwa wameshaingia kati.

Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi na moja jioni, mtu hugonga geti. Mume wa Mwanaasha, Ismail, fundi umeme mrefu kutoka Lindi, alianza kwa kuja kuwachukua wanawe, akaishia kuwa mbishi kuliko watoto wote. Leodegar akaanza kutoka ofisini mapema ili asikose zamu. Siku uwanja ulipolowa walicheza kuruka kamba kibarazani, na Jumapili familia ya Leodegar ikaanza kwenda kanisani kwa miguu, dakika thelathini na tano, Edgar akihesabu mageti njia nzima.

Wiki ya sita, Atuganile akipanga kabati, aliona vidonge vya mumewe. Pakiti ya mwezi ule ilikuwa haijafunguliwa. Akamfuata kibarazani, akaiweka mbele yake.

"Baba Bupe, hii nini?"

"Najisikia vizuri. Mbona nacheza kila siku? Sioni haja ya…"

"Baba yangu pia alikuwa akijisikia vizuri." Hakuwa amepanga kulia, lakini machozi yalikuja yenyewe. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimlisha uji kwa kijiko miaka minne. Sitaki kukulisha uji, Leodegar. Nataka unikimbize."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Bupe azaliwe. Leodegar akaingia ndani, akarudi na glasi ya maji, akameza kidonge mbele yake.

"Niliogopa," alisema. "Kila nikikimeza najiona mgonjwa. Nikicheza najiona mzima."

"Basi fanya vyote viwili. Rede ni rede, dawa ni dawa."

Mwezi wa nne tangu rede ianze, walirudi kwa daktari Noela. Safari hii walikwenda wote wanne. Kipimo kikasoma mia na thelathini na sita kwa themanini na nane. Daktari hakusema amepona. Alisema wanaelekea pazuri, aendelee na dawa, arudi baada ya miezi mitatu. Kisha akauliza ni mazoezi gani hayo, na Edgar akamweleza kwa kirefu, akionyesha kwa mikono, mpaka foleni ya nje ikaanza kukohoa.

Jioni ile uwanja wao haukutosha. Bupe alikuwa amepita geti kwa geti peke yake, akabisha hodi kila nyumba ya mtaa, na watoto kumi na wanne walikuwa wamejaa barabarani, na wazazi wao wengine kando. Wakaweka chupa katikati ya njia ya vumbi. Gari moja likaja, likasimama, dereva akazima injini, akashuka kutazama.

Leodegar alikuwa kati, na tai yake ya ofisini bado shingoni, chupa imebaki vidole viwili ijae. Ismail akarusha. Mpira ukapita.

"Umemgusa!" Ismail akapaza sauti. "Shati limetikisika, nimeona kwa macho yangu!"

"Shati ni upepo!"

"Upepo uko wapi, braza? Toka nje, umekufa!"

"Sijafa!" Leodegar alisema, jasho linamchuruzika, mikono yote miwili imejaa mchanga. "Mama Bupe, waambie hawa. Nimekufa mie?"

Atuganile alikuwa ameona wazi mpira ukigusa shati.

"Hajafa," alisema, na watoto wote wa mtaa wakapiga kelele za kupinga.