Kidole cha Muuza Tofu

Mimi ndiye niliyekuwa mpika damu. Kwa miaka kumi na tisa, kila jambazi aliyechomwa kisu katika filamu za studio yetu pale Uzumasa, Kyoto, alitoka damu niliyoichemsha kwa mkono wangu: sukari, rangi nyekundu, tone la rangi ya buluu ili isifanane na sharubati, na mchuzi wa soya kidogo ili ionekane nzito. Waigizaji waliniita Fundi Damu. Nilijifanya silipendi jina hilo. Nililipenda sana, na nikikana leo nitakuwa naongeza uongo juu ya aibu.

Mwaka ule wa 1974 watazamaji walikuwa wamechoshwa na majambazi wa kizamani, wale wa kufa wakiwa wamenyoosha kola ya kimono. Sasa walitaka kuona watu wakitafunana kama mbwa. Mwongozaji wetu, Okabayashi, kijana mwenye mdomo mchafu, alikuwa anawapa walichotaka. Siku moja akaja kwenye meza yangu akaokota kidole cha nta nilichokitengeneza kwa siku mbili.

"Fundi, hii nini? Soseji?" akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Mama yangu akikiona hiki atakikaanga."

Watu wakaangua kicheko.

"Kilikuwa kinatosha mwaka jana," nikamjibu.

"Mwaka jana ulikuwa mwaka jana, mzee wangu. Nataka mtu akiona akamate mkono wake mwenyewe pale kwenye kiti. Jumatano."

Onyesho lenyewe lilikuwa la mhuni anayejikata kidole. Desturi hiyo kwetu hata mtoto anaijua: mhuni akimkosea mkubwa wake, au akitaka kutoka kwenye genge, hukata pingili ya kidole kidogo cha kushoto, akaifunga kwenye kitambaa na kumkabidhi mkubwa. Kuijua desturi na kujua inavyofanyika ni mambo mawili, na mimi la pili nilikuwa silijui. Nilitoka studio nimevimba kwa hasira, nikaenda moja kwa moja kwenye bafu la mtaa.

Humo majini alikuwamo Hamano Kanpei, muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tulikuwa tunaoga pamoja kila alasiri kwa miaka mingi. Kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kifupi, na mtaa mzima ulijua kuwa kililiwa na mashine ya kusagia soya. Mimi pia nilijua hivyo. Siku hiyo, kwa vile nilikuwa nimetukanwa, nilikitazama kwa jicho la kazi.

"Kanpei, mashine haikati hivyo," nikamwambia.

"Unasemaje?" Akauzamisha mkono majini.

"Mashine inasaga, mfupa unapasuka. Hapo kwako pamekatwa kwenye kiungo, safi kabisa."

Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu karibu. "Toku," akasema, "wewe una macho mabaya."

Kisha akanieleza. Nadhani alikuwa amechoka kukaa nalo peke yake. Alikuwa katika genge la Osaka tangu ujana. Mkewe alipojifungua Chizuru, Kanpei alimbeba yule mtoto siku kumi na moja, na siku ya kumi na moja akaenda kwa mkubwa wake kuomba kutoka. Akapiga magoti, akakifunga kidole kwa uzi, akashusha kisu. Hakikuingia. Ikabidi akilalie kile kisu kwa kifua chake chote mpaka mfupa uachie. Alilia, akamwita mama yake. Akatapika, kisha akaomba radhi kwa kuchafua mkeka. Damu yenyewe, alisema, haikujaza hata kikombe cha chai.

"Nakuomba kitu kimoja tu," akaniambia. "Chizuru asijue. Kidole si kitu, hata akijua nilikuwa mhuni nitavumilia. Sababu ndiyo sitaki aijue maisha yake yote, asije akajiona ana deni kwangu."

Nikamwapia. Niliinamisha kichwa mpaka pua ikagusa maji. Na nilipokuwa narudi nyumbani na taulo langu shingoni, nilikuwa tayari nawaza namna ya kuifanya nta ikatae kisu kwa mara ya kwanza.

Jumatano nilimwambia Okabayashi habari ya kisu kisichoingia na ya kukilalia kwa kifua. Sikumtaja mtu. Alinikumbatia mbele ya kikosi kizima.

"Na kwa nini anakata?" akauliza. "Huyo wako, alikata kwa nini?"

"Alikuwa amepata mtoto. Alitaka kuacha uhuni."

"Mtoto? Ah, toa mtoto! Nani anakuja sinema kuangalia nepi? Huyu wetu anakata huku anacheka. Akimaliza anakitupa kwenye supu ya bosi wake. Na damu, Fundi, nataka ifike kwenye ule mlango wa karatasi."

Mlango ulikuwa mita tatu. Nilitumia pampu ya baiskeli na mpira uliopitishwa ndani ya mkono wa shati. Ilifika.

Filamu ilipotoka niliiendea mara nne, nikakaa nyuma kabisa, si kuitazama bali kuwasikiliza watu. Kisu kinashuka, kinakataa, wanashtuka. Mwigizaji anakilalia, wanawake wanapiga mayowe. Anacheka, damu inaruka, kidole kinaanguka kwenye supu, na hapo ukumbi mzima unapiga makofi. Nilikuwa nikitoka nje nimenenepa kwa sifa.

Ndipo alipokuja Bibi Tatsuno.

Alibisha asubuhi, mama wa makamo, kimono nadhifu, mkononi boksi la keki za maharage. Hapa ndipo ninapojilaani zaidi. Kwetu, mtu mgeni aliyevaa vizuri akikubishia na boksi la keki, unajua ametumwa na ukoo wa bwana harusi kuulizia familia ya binti kwa majirani. Unasema, "Ni watu wema, hatujawahi kusikia baya lao," unamnywesha chai, unafunga mdomo. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, na nilikuwa nimeshafanya hivyo kwa mabinti watatu wa mtaa wetu. Lakini huyu mama alianza kwa njia nyingine.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyetengeneza kile kidole," akasema. "Jamani! Mimi na mume wangu tuliiona. Nilijikamata mkono, hivi!"

Akanionyesha. Nami nikayeyuka.

"Mambo kama yale mtu anajifunzia wapi?" akauliza.

"Si ya kujifunza yale, mama. Nina mtu wangu. Alikata mwenyewe, kwa mkono wake, akanisimulia." Nikacheka. "Tena si mbali. Nyumba ya tatu hapo. Ukimwona anavyouza tofu huwezi kuamini."

Aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Nyumba ya tatu," akasema. "Kwa Hamano."

"Enhe."

"Na binti yao, Chizuru, ni mzima wa afya?"

Nikalitazama lile boksi la keki. "Mama, nilikuwa natania," nikasema. "Sisi watu wa filamu ni waongo sana. Kidole chake kililiwa na mashine. Ni watu wema wale, hatujawahi kusikia baya lao."

"Bila shaka," akasema. Alinishukuru kwa chai, akaenda zake, akaniachia keki.

Siku nne baadaye mshenga alileta jibu kwa Kanpei: eti wazee wa bwana harusi wametazama kalenda na kuona tarehe hazipatani. Kijana alikuwa mwalimu, mpole, na Chizuru alimpenda. Nilisikia hivyo kwa wanawake wa foleni ya tofu, ambao sasa walikuwa wanapokea tofu zao huku macho yao yakiwa kwenye mkono wa kushoto wa Kanpei. Yeye alibadilisha tu saa yake ya kuoga. Nilitamani aje anipige.

Aliyekuja ni Chizuru. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na tangu akiwa mdogo aliniita mjomba. Alikataa kuingia, akasimama pale mlangoni.

"Mjomba Toku, nimeiona filamu yako. Watu walipiga makofi."

"Chizuru, mwanangu, mimi..."

"Nataka kuuliza tu. Baba alicheka vile?"

"Kwani baba yako anasemaje?"

"Anasema ndiyo, alicheka. Anasema alikuwa mhuni na ndivyo wahuni walivyo, filamu haikukosea kitu, na nisimuulize tena." Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Nimeishi naye miaka yote hii, Mjomba. Siwezi kumla wala kumtema. Jana nilishindwa kupokea bakuli kutoka kwenye mkono wake."

Nikamwelewa Kanpei. Alikuwa ameuchukua uongo wangu, kicheko na supu na damu ya mita tatu, akajivika wote, ili binti yake asifike kwenye ile sababu. Kilichobaki ni mimi ninyamaze. Kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kupewa.

Sikuiweza. Sikuweza kumtazama akimchukia baba yake kwa kitu nilichokipika mimi kwenye sufuria. Nilimweleza yote: uzi, kisu, mkeka, kilio. Nikamweleza na zile siku kumi na moja. Nilikuwa najiambia namtetea Kanpei, lakini kadiri nilivyosema ndivyo kifua changu kilivyozidi kuwa chepesi, na hapo nilijua nilikuwa namtetea nani.

Chizuru aliutazama mkono wake wa kushoto.

"Kwa hiyo ni kwa ajili yangu," akasema. "Na mimi jana nimekataa bakuli lake."

Akainama hadi kiunoni, akanishukuru kwa kumwambia ukweli.