Mistari Ambayo Kompyuta Huiruka

Mwalimu Lokiru alikuwa mtu wa tarehe. Ukimwambia "juzi" alikuuliza juzi ya tarehe ngapi. Ukimwahidi kazi yako "wiki ijayo" alichomoa kalenda. Wanafunzi wake wa Kakuma, kumi na wanne kwa jumla, walimtania chini kwa chini kwa hilo, lakini walimpenda, kwa sababu alieleza jambo mara tatu bila kupandisha sauti. Kila Jumapili alitoka Lodwar, akafundisha kompyuta siku tano katika chumba cha mabati karibu na soko la kambi ya wakimbizi, na Ijumaa akarudi kwa mama yake.

Wiki hiyo walikuwa wamefika kwenye somo la tarehe. Ni somo linaloonekana la kitoto mpaka ulijaribu. Kompyuta haijui jana wala kesho, inajua kuhesabu tu. Unaipa tarehe mbili, unaiambia itoe moja kwenye nyingine, nayo inakupa idadi ya siku. Ukiiandikia 3/7 bila kuieleza ipi siku na ipi mwezi, inajichagulia yenyewe na wala haikwambii. Lokiru aliandika mfano ubaoni kwa tarehe yake mwenyewe, 14 Septemba 1995, akaizungushia duara kwa chaki nyekundu. Kisha akatoa kazi ya nyumbani: kila mtu aandike programu ya kuhesabu ameishi siku ngapi tangu kuzaliwa.

"Na msisahau mistari ya maelezo," akawaambia. "Ile inayoanza na alama ya reli, hii #. Kompyuta ikifika hapo inaruka. Hiyo haiandikiwi kompyuta, inaandikiwa mtu atakayesoma kazi yako."

Maneno mazuri hayo. Laiti mwenyewe angeyashika.

Ijumaa, tarehe saba Machi, aliziendesha programu zao moja moja kwenye projekta, darasa zima likitazama ukutani. Ya Achol ikatoa siku 12,849. Vizuri. Ya Ater ikatoa 12,849. Lokiru akakunja uso. Akafungua ya tatu, ya Awut, na ukutani ikatokea tena 12,849. Chini yake palikuwa na jibu jingine, lakini hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye tarehe: moja Januari 1990. Akafungua zilizobaki. Miaka ilitofautiana, lakini watu tisa kati ya kumi na wanne walikuwa wamezaliwa tarehe moja Januari.

"Jamani!" akacheka. "Mmenakiliana mpaka siku ya kuzaliwa?"

Akamgeukia Awut. Huyu, kwa kumtazama, alikuwa mkubwa kuliko wote, hata mwalimu, na darasa zima lilimwita Mama Nyandeng, kwa jina la bintiye. Alikuwa pia hodari kuliko wote. Jioni hiyo Lokiru alitakiwa kutuma Lodwar majina matano ya watakaoendelea na hatua ya pili, ile inayompa mtu kazi, na la kwanza kwenye orodha yake lilikuwa la mama huyu. Awut alishajua. Alikuwa ameshazungumza na shangazi wa mtoto ili akae naye miezi ya mafunzo hayo.

"Awut," alisema mwalimu. Si Mama Nyandeng, Awut tu. "Hawa wamenakili kwako?"

"Hapana, mwalimu. Hii tarehe ni yangu."

"Na Achol? Na Ater? Mama zenu walipanga foleni siku ya mwaka mpya?"

Watu wawili nyuma wakacheka. Wengine waliangalia vidole vyao.

"Ni yangu ya karatasi," alisema Awut polepole. "Walinipea."

"Basi niandikie ya ukweli."

"Ya ukweli sina."

Sasa hapa tusidanganyane. Mtu anaweza kumtetea Lokiru kwamba alikuwa mgeni Kakuma, miezi miwili tu, hakujua jinsi watu walivyoandikishwa walipofika. Asimtetee. Lokiru aliposikia neno "sina" alielewa papo hapo, na alielewa kuliko mtu yeyote chumbani.

Alipokuwa mtoto, kule karibu na Lokori, walimwingiza shule amechelewa, siku moja katikati ya muhula, miguu imejaa vumbi la malisho. Mwalimu wa zamu alifungua daftari, akamuuliza amezaliwa lini. Akasema hana. Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Mwalimu alimfungua mdomo, akamtazama meno kama mbuzi wa mnada, akasema huyu ni miaka tisa. Kisha akageukia kalenda ukutani, akachukua tarehe ya siku hiyo hiyo, akatoa miaka tisa, akaandika. Ilikuwa Septemba kumi na nne. Hiyo ndiyo tarehe aliyokuja kuizungushia chaki nyekundu miaka mingi baadaye, tarehe aliyochekwa. Hakumwambia mtu. Ofisini Lodwar kila mwaka walimkatia keki siku hiyo, naye alipuliza mshumaa.

Kwa hiyo Awut aliposema "sina", Lokiru aliona darasa zima limegeuka kumtazama yeye. Wala hawakuwa wamemgeukia. Lakini aliogopa, na woga ukatoka mdomoni umevaa ukali.

"Mtu asiyejua amezaliwa lini atajua nini?" alisema.

Hata maneno hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya yule mwalimu wa zamu, neno kwa neno.

"Toka nje. Ukipata tarehe, rudi."

Awut alizima kompyuta kama alivyofundishwa, akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso yake, akatoka. Jioni Lokiru alituma orodha ya majina manne. La tano aliacha wazi.

Jumamosi alasiri alikuwa nyumbani Lodwar, amekaa kivulini na kazi za wanafunzi, mama yake Akidor amenyoosha miguu karibu naye akisuka kikapu cha majani ya mkoma. Lokiru hakuwa amelala vizuri. Alitaka kumaliza jambo hilo, aweke sifuri kwenye kazi ya Awut, awe na ushahidi. Akaifungua, na kwa mara ya kwanza akaisoma kuanzia juu. Programu yenyewe ilikuwa mistari sita. Maelezo yalikuwa mengi kuliko programu.

"# Hii tarehe nilipewa mezani nikiandikishwa. Wote tusiokuwa na tarehe tulipewa hii moja.

"# Mama alisema nilizaliwa wakati wa kuvuna mtama, mwaka ile ng'ombe waliugua. Kuvuna ni mwezi wa kumi ama kumi na moja. Mwaka sijui vizuri.

"# Kwa hivyo hili jibu linaweza kukosea siku mia tatu, ama mwaka na zaidi. Mwalimu alisema programu isidanganye mtu, ndio nimeandika.

"# Hii ya chini niko na hakika. Ni ya Nyandeng. Alizaliwa hospitali, nesi aliandika 19/8/2013, na mimi niliona akiandika."

Akaiendesha. Jibu la pili, lile ambalo hakulitazama Ijumaa, lilikuwa siku 4,219 za mtoto Nyandeng, bila kukosea hata moja.

Lokiru alikuwa amesomea kazi hii miaka minne, na kati ya wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha hakuna aliyewahi kumwandikia jibu likasema lenyewe linaweza kukosea kwa kiasi gani. Mwanamke huyu alikuwa amelifikiria peke yake, akamwandikia. Alimwandikia yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyesema mistari hiyo inaandikiwa mtu. Naye akairuka. Kompyuta ilikuwa na udhuru.

Aliona aibu hata ya kuinua macho, na aliyekuwa karibu ni mama yake tu.

"Mama," akasema baadaye, kwa Kiturkana, "mimi nilizaliwa lini?"

Akidor aliacha kusuka. "Umezeeka hivi ndipo unauliza?"

"Kitambulisho kinasema Septemba."

"Septemba!" Mama alicheka, kisha akaona uso wa mwanawe, akaacha. "Septemba jua linachemsha mawe. Wewe ni Lokiru. Mvua ilinyesha siku tatu, mto Kerio ukajaa, baba yako yuko ng'ambo na ngamia, anaita na mimi simsikii. Wa mvua ndiye Lokiru, ungeitwaje vingine? Nilidhani shuleni walikufundisha hilo."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliporudi na ile karatasi yako ya shule ulikuwa na hasira. Nikasema basi."

Jioni alichukua simu ili amwandikie Carol, mkubwa wake ofisini. Aliandika: "Samahani madam, sistimu ilimruka mwanafunzi mmoja." Akaisoma. Ilikuwa sentensi safi, na ingepita bila swali, maana nani hugombana na sistimu? Akaifuta. Akaandika: "Nilimwondoa mwanafunzi anayestahili. Nilimkosea mbele ya darasa. Kosa ni langu, si lake. Naomba arudishwe." Carol hakujibu mpaka Jumapili mchana, na jibu lake halikuwa na salamu. Alitaka barua ya maelezo na fomu yenye saini ya Awut mwenyewe, Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi, Lokiru alimkuta Awut nyumbani kwake anafua sare ya Nyandeng. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Badala yake Awut alipangusa mikono, akamwamkia, akamletea kiti, kiti chenyewe kimoja, na maji kwenye kikombe. Lokiru akashindwa kuyanywa.

"Mama Nyandeng, nilisoma maelezo yako."

"Mzuri, mwalimu."

"Niliyasoma Jumamosi. Ijumaa sikuyasoma."

Awut alirudi kwenye sare, akaikamua.

"Kuna fomu hapa ya Lodwar, inataka saini yako kabla ya saa sita. Lakini sikuombi uiweke sasa. Njoo darasani kwanza unisikie."

"Kule siingii tena."

"Simama mlangoni tu."

Akarudi peke yake bila kujua kama atakuja. Saa nne ilipofika darasa lilikuwa limekaa. Nusu saa ikapita, Lokiru anajitia kutafuta chaki. Mlangoni kikatokea kivuli. Awut alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Lokiru aliwasha projekta, akafungua programu yake mwenyewe, ile ya mfano, yenye Septemba kumi na nne. Alikosea herufi mara mbili. Juu ya tarehe akaweka alama ya reli, akaandika darasa zima likisoma ukutani:

"# Hii tarehe si ya kuzaliwa. Ni siku niliyoingia shule. Mwalimu aliniuliza nimezaliwa lini nikasema sina, watu wakacheka, akanipa ya siku hiyo. Jibu linaweza kukosea miezi, na mwaka wenyewe ulisomwa kwenye meno yangu."

Akawageukia.

"Ijumaa nilimwambia Mama Nyandeng neno baya. Niliambiwa mimi neno hilo nikiwa mtoto, najua linavyouma, na nikamwambia. Mbele yenu nyote. Si kwamba sikujua. Nilikuwa naficha yangu. Nisamehe, mama."

Alingoja mshangao. Kicheko pia alikingoja, na alikuwa amejiambia akivumilie. Hakuna aliyecheka. Achol alitazama meza. Ater alikuna shingo. Walikuwa na nyuso za watu waliosimuliwa habari ya zamani na hawataki kumkatisha msimulizi.

Awut akaingia. Alipita katikati ya viti mpaka mezani pa mwalimu, akavuta fomu, akachukua kalamu. Penye tarehe ya kuzaliwa akaandika moja Januari, kama kawaida.

"Sisi tulijua, mwalimu," alisema, bila kuinua kichwa.

"Mlijua nini?"

"Hiyo Septemba yako. Mimi nanunua kuni kwa wamama Waturkana miaka mingi, wananifundisha majina. Lokiru ni ya mvua. Siku ile umeandika kwa ubao, mimi nikaambia Achol, huyu mwalimu pia walimpea."

Lokiru alihesabu siku. Somo lile lilikuwa la Jumatatu. Ijumaa, aliposimama akimcheka, mwanamke huyu alikuwa na jibu lake mdomoni siku nne nzima, neno moja tu ambalo lingemwangusha pale pale.

"Mbona hukusema?" aliuliza. "Nilipokuwa nakusema vile, mbona hukuniambia?"

Awut alimaliza saini yake, akamrudishia kalamu.

"Niseme aje, mwalimu?" alisema. "Mbele ya watu?"