Pasi ya Sigara

Tangu fahali anivunje mgongo machinjioni hapa Meru, morfini, ile dawa ya maumivu, imenishika. Daktari akasema ataipunguza kidogo kidogo, mradi nami nipunguze sigara. Mke wangu, Rahema, akazificha zote.

"Siku hizi za Hali ya Hatari hata kwenda Muthara hapo jirani ni kwa pasi," akasema. "Basi na wewe utavuta kwa pasi."

Kila asubuhi aliniandikia, "Saad, sigara moja," akagonga muhuri wa bucha yetu. Upuuzi mtupu!

Jana askari alinisimamisha njiani nikivuta ya kuomba. "Pasi!" Kwa woga nikampa ile ya Rahema. Akaisoma polepole, akaona na kipisi cha ile ya asubuhi nyuma ya sikio langu.

"Hapa umeruhusiwa moja."

Akanikokota hadi kwa aliyegonga muhuri. Heri angenipeleka kizuizini.