Mama Mfugaji na Ngamia Wake

Mwaka wa 1966, vita vya serikali na shifta, waasi waliotaka eneo letu lijiunge na Somalia, vikiwa vimepamba moto, mimi Keinan nilikuwa mkalimani katika ofisi ya serikali mjini Garissa. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza Wasomali wenzangu maneno ya serikali, na kuieleza serikali maneno ya Wasomali. Pande zote mbili ziliniona mwongo.

Mwezi wa kumi na moja alikuja mpiga picha kutoka Nairobi, kakaa nyuma ya lori la jeshi, vumbi hadi kwenye kope. Aliitwa Bwana Shekue, mtu wa pwani, mwenye kamera mbili shingoni na Kiswahili safi ambacho hakupenda mtu akichafue mbele yake. Mimi alinisahihisha mara tatu kabla hatujamaliza chai.

Alitueleza kwamba kuna kitabu kikubwa cha picha kinachotengenezwa, kitakachowaonyesha wageni tabia ya taifa letu jipya, watu wake na mahali wanapoishi. Kurasa za mikoa mingine zilikuwa zimejaa. Kahawa ilikuwemo, samaki walikuwemo, wacheza ngoma walikuwemo mpaka wamezidi. Sisi tulitengewa kurasa mbili, na zote zilikuwa tupu.

"Nataka mfugaji," alisema, "na ngamia, na mto. Na uso wenye furaha."

Inspekta wa polisi alikuna kidevu. Mto ulikuwepo. Wafugaji pia walikuwepo, maelfu, ila walikuwa wamefungiwa ndani ya seng'enge katika kijiji cha serikali, wasije wakawapelekea shifta maziwa. Na ngamia waliokuwa karibu ni wale waliotwaliwa kwa adhabu, baada ya lori kukanyaga bomu kwenye barabara ya Modogashe. Walizuiliwa bomani kando ya mto wakisubiri uamuzi. Kila Ijumaa uamuzi ulimfikia mmoja wao, akaingia sufuriani mwa askari.

"Basi tuwatumie hao," alisema Inspekta. "Keinan, tafuta mfugaji. Mwenye sura ya kupendeza."

Nilikwenda kijijini nikatangaza. Wanaume walinigeuzia mgongo. Mmoja aliniambia kwamba anayepigwa picha na serikali leo, kesho picha hiyo iko kituoni, na kesho kutwa naye yuko hukohuko. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka niliposikia mtu ananiita.

Alikuwa Saado, mjane wa Yarow, mwanamke wa miaka hamsini hivi. Sote wa rika langu tulimwita eddo, yaani shangazi. Siku ya adhabu alitwaliwa ngamia kumi na wanne, na lori lile alikuwa hajaliona hata kwa mbali.

"Wanapiga picha na ngamia gani?" aliniuliza.

"Wale wa bomani, eddo."

Alijitanda shuka lake kichwani vizuri. "Twende."

Kule mtoni Bwana Shekue alifanya kazi kwa bidii, nisimsingizie. Askari mwenye bunduki aliombwa asogee kushoto, kisha asogee tena, mpaka akawa amesimama kwenye matope. Boma la miiba liliachwa nyuma ya kamera. Ukitazama kupitia kile kioo chake uliona mto Tana, minyaa, mbingu, na amani tele.

Tatizo lilikuwa ngamia. Walisukumwa, wakapigwa fimbo, wakakataa kukaribia maji. Ndipo Saado alipoita, si kwa sauti kubwa: "Adey!" Ni jina la ngamia jike mweupe, mzee, aliyevaa kengele ya mti shingoni. Adey aliinua kichwa, akaja. Wengine sita wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine. Saado aliwahesabu kwa macho, nami niliona midomo yake ikiishia saba. Adey alipomaliza kunywa alimwekea mdomo wenye maji begani, naye mama akacheka, na huku anacheka machozi yakawa yanamtoka.

"Hapohapo!" Bwana Shekue alipaza sauti, akapiga kumi na mbili mfululizo. Kisha akaniambia, "Ajabu. Amewazoea upesi hivi?"

"Watu wa huku wana kipaji," nilimjibu.

Saado alinivuta mkono. "Mbona humwambii?"

"Nimwambie nini, eddo? Inspekta yule pale."

Alinitazama kama mtu anavyotazama kiatu kilichokatika njiani. Halafu akamwendea Bwana Shekue mwenyewe, na Kiswahili chake cha sokoni.

"Bicha yangu, wewe andika: Saado na ngamia yake yote."

Bwana Shekue alitabasamu kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Mama, ngamia ni mnyama. Tunasema ngamia wake."

Akatoa daftari, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Mama mfugaji na ngamia wake.*

Inspekta aliamuru wale saba wasichinjwe mpaka kitabu kitoke, picha isije ikatakiwa kupigwa upya, na Ijumaa zikawaangukia ngamia wa wengine. Kitabu kilifika mwezi wa nane mwaka uliofuata, kizito kama tofali, karatasi zinang'aa. Picha yetu ilijaza ukurasa mzima. Ilikuwa nzuri, nakiri. Wakubwa waliagiza kitabu kikae mezani kila ofisi wageni wakione. Siku ya pili nilikificha ndani ya koti nikampelekea Saado.

Uso wake hakuutazama sana. Alitazama ngamia mmoja mmoja, akawataja majina. Kisha akagusa maandishi ya chini. "Hapa wamesemaje?"

Nilimsomea. Akataka nirudie. Nikarudia.

"Nani ameandika hivi?"

"Serikali."

"Serikali yenyewe? Si wewe?"

"Wallahi si mimi. Hata mkubwa wao wa Nairobi ametia sahihi mwanzoni mwa kitabu."

Akafunga kitabu, akasema anataka kumwona Inspekta. Nilimwombea kibali cha kutoka kijijini kwa nusu siku, na kesho yake alisimama mbele ya meza ya Inspekta, kidole juu ya picha.

"Insbekta, serikali imesema ngamia ni yangu. Fungua boma."

Nilidhani atafukuzwa. Lakini Inspekta alikisoma kile kitabu, akakisoma tena, na nilimwona akitokwa jasho. Akisema maandishi ni ya uongo, basi kitabu cha taifa ni cha uongo, na yeye ndiye mtu wa kwanza kulitangaza hilo. Akarudi kwenye ukurasa ule mara ya tatu. Ghafla uso wake ukang'aa.

"Ngamia wake," alisoma. "Imeandikwa ngamia wake. Mmoja!"

"Kwenye picha wako saba, bwana," nilisema.

"Picha ni picha. Maandishi ni maandishi. Mmoja ni wake, hao wengine wamepita tu."

Tulibishana, na ugumu ni kwamba Kiswahili safi hakimpendelei mtu. Ngamia mmoja ni ngamia wake, na ngamia mia ni ngamia wake vilevile. Karani wa ofisi alisema ni mmoja. Mwalimu wa shule alisema ni wengi, kisha akauliza swali hilo limetoka kwa nani, alipojibiwa akasema hata mmoja yawezekana. Mwishowe Inspekta aliandika barua Nairobi kuuliza idadi.

Jibu lilichukua wiki tatu, Ijumaa tatu za wasiwasi. Kila alfajiri Saado alisimama kwenye seng'enge akisikiliza kengele ya Adey. Barua ilipofika ilikuwa na mstari mmoja: maelezo yote ya picha yamehakikiwa na wataalamu wa lugha na ni sahihi.

"Umesikia?" Inspekta alisema kwa furaha. "Ni sahihi. Basi mmoja."

Nilimtafsiria Saado. Akaniambia kwa Kisomali, "Mimi nilisema yote. Yule bwana akanifundisha lugha." Akamgeukia Inspekta. "Sawa. Moja. Nachagua mimi?"

"Chagua."

Tulikwenda bomani. Watu wengi wa kijiji walikuwa wamejipanga kwenye seng'enge wakitazama. Askari alivuta miiba kando, upana wa ngamia mmoja kama alivyoamriwa. Saado hakuingia. Alisimama nje, akaita Adey, akageuka, akaanza kutembea bila kutazama nyuma.

Adey alitoka. Nyuma yake akatoka wa pili, na wa tatu. Askari alinyosha mikono kuwazuia, lakini ngamia anayemfuata kiongozi wake hazuiliwi na mikono. Alisukumwa polepole, kwa heshima, mpaka akakaa kwenye miiba. Walitoka wote saba. Kwenye seng'enge watu walipiga kelele za furaha ambazo sikuwa nimezisikia tangu hali ya hatari itangazwe.

"Wageuzeni!" Inspekta alifoka. Hakuna aliyesogea. Alitazama ule umati, akatazama barua mkononi mwake. "Basi," alisema. "Si wamesema ni sahihi."

Yule askari alipewa siku tatu za kuchimba choo. Saado alimpelekea kibuyu cha maziwa ya Adey, kwa kuwa aliona ameumia kwa ajili yake. Jamaa alikuwa mtu wa bara, hajawahi kuonja maziwa ya ngamia, na kile choo akawa wa kwanza kukifungua. Lakini siku ya tatu alirudi mwenyewe na kikombe.

Mambo mengine hayakwenda vizuri. Mifugo haikuruhusiwa kuvuka maili mbili kutoka kijijini, na nyasi za maili mbili huisha upesi. Ngamia wawili walikufa kwa njaa, wakiwa mali halali ya mwenyewe. Nami nilikuwa na foleni mlangoni kila asubuhi: watu waliotwaliwa mbuzi, ng'ombe, punda, wote wakitaka kujua yule mpiga picha anarudi lini. Niliandika majina yao. Yalifika mia mbili na arobaini. Bwana Shekue hakurudi.

Mwisho wa mwaka vita vilipotulia, seng'enge ilifunguliwa kidogo kidogo. Saado alipakia miti ya nyumba yake juu ya ngamia watano, akashika njia ya kwenda Modogashe kwa ndugu zake. Nilimsindikiza mpaka kwenye kizuizi cha barabarani. Askari mgeni alimuuliza hao ngamia ni wa nani.

Saado alinitazama nimtafsirie. Nilimwambia askari, "Wote ni wake, kila mmoja," na safari hii nilitafsiri hata ambalo hakuwa amelisema.