Mrija Mrefu wa Edeku

Okurut alirudi kutoka vita vya Burma na vitu viwili ambavyo jeshi halikumdai: kikohozi, na vikombe vyeusi vya kuvaa masikioni, vile askari wa simu walivyotumia kusikilizia sauti za mbali. Kikohozi kilipona. Vikombe vilining'inia ukutani kwake kijijini Mella miaka nenda miaka rudi, mpaka masikio ya mama yake yalipoanza kuziba.

Na Akongo, mama yake, hakuwa mwanamke wa kunyamaza. Kwenye chungu cha ajon, pombe ya ulezi ambayo watu huizunguka na kuinywa kwa mirija mirefu, yeye ndiye aliyekata maneno ya wanaume katikati, nao wakacheka na kumpisha. Uziwi ulimjia polepole. Kwanza akawa anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Halafu akawa anacheka wenzake wakishamaliza kucheka. Mwisho akaacha kabisa kwenda kwa watu, akasingizia magoti. Magoti yenyewe yalikuwa mazima kuliko ya mwanawe. Okurut alilijua hilo, na lilimuuma sana.

Ndipo mkewe Awor, binti wa kutoka Iyolwa, alipojifungua mtoto wa kike. Ubatizo una siku yake kanisani, lakini jina la nyumbani lina utaratibu wake. Bibi wa upande wa baba huchovya kidole kwenye ajon, humtia mtoto mdomoni, na kumwita kwa jina la mmoja wa marehemu wa ukoo. Mtoto akimeza, jina limekubali. Akitema, wazee hutaja jingine.

Akongo alikuwa na jina lake tayari. Alungat, binti yake, alikufa kwa surua wakati Okurut yuko vitani, na tangu hapo hakuna aliyeitwa kwa jina hilo. Bibi alimsubiri mjukuu huyu kwa hamu isiyosemeka.

Lakini mkubwa wa ukoo alikuwa Imalingat, kaka wa marehemu Edeku, baba yake Okurut. Hakuwa mtu mbaya, Mungu shahidi, ila alipenda neno la mwisho liwe lake.

"Bibi lazima asikie wazee wanataja nini," alisema. "Huyu hasikii hata jogoo. Mke yangu atafanya hiyo kazi."

"Baba mkubwa, nipe nafasi," Okurut akamwomba. "Ngoja tu ulezi uvunwe. Mama atasikia."

Akaanza kazi. Wakati huo, miaka ya hamsini, kiwanda cha saruji kilikuwa kipya Tororo, naye alikuwa kibarua huko. Akitoka jioni hakai. Sokoni Busia alipata redio iliyokufa, akaing'oa valvu zake, zile taa ndogo za kioo zinazokuza sauti. Betri alizinunua dukani Tororo. Mdomo wa kusikia, yaani kile kidude cha duara kinachodaka sauti, aliutoa kwenye simu kuukuu ya kijeshi. Mwili wa mashine ulikuwa sanduku la majani ya chai, na chuma cha kulehemu kilikuwa kipande cha shaba alichokipasha moto kwenye jiko la Awor ili kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya.

"Ugali yangu nanuka risasi," Awor alilalamika.

"Vumilia, mama mtoto. Mtoto atapata jina."

Siku ya kujaribu, alimvika mama vikombe juu ya kitambaa cha kichwa, akampakatisha sanduku, akakizungusha kitasa kidogo cha sauti. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama."

Akongo akaruka. "Acha kunipigia kelele! Mimi ni kiziwi?"

Walicheka mpaka Awor akakaa chini. Bibi alisikia kuku wakiparura uani, akasikia mjukuu akikoroma, akamwambia Awor kwamba sauti yake ni nzuri, hakuwahi kujua. Okurut alitoka nje akajifanya anaangalia mbuzi, kwa sababu machozi ya mwanaume yana aibu zake.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Jumapili baada ya kanisa ndugu walikusanyika waione hiyo ajabu. Duara lilikuwa kubwa, watu wamekaa mbali na mama, hivyo Okurut akaongeza kitasa ili sauti zao zimfikie. Mashine ikapiga yowe! Si kelele ya kawaida, ni yowe kali lisilokwisha. Watoto wakalia, mbwa wakabweka, mzee mmoja akapaliwa na pombe ikamtokea puani.

Imalingat akasimama. "Nilikwambia, hukutaka. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Watu wakacheka. Mwenye mdomo mrefu huyo! Methali aliitupia kwa Okurut mbishi, lakini kila jicho lilimgeukia mama. Akongo hakuhitaji kusikia ili aelewe. Alivua vikombe taratibu, akaviweka juu ya sanduku, akasema, "Mke wa Imalingat afanye." Akaingia ndani.

Okurut aliujua ugonjwa wenyewe. Sauti ilikuwa inavuja kwenye vikombe, inashuka hadi kwenye mdomo wa kusikia pale mapajani, inakuzwa, inarudi vikombeni, inavuja tena, mpaka yowe. Dawa ni kuuweka mdomo huo mbali na masikio na karibu na msemaji. Sasa nani atazunguka na waya huku na huku kama anachunga mbuzi?

Alikwenda kwa jirani yake Omaido kupoza moyo. Chungu kilikuwa katikati, wanaume wamekaa mbali nacho, wamejiegemeza raha mustarehe, na bado kila mmoja ananywa. Okurut akautazama mrija mkononi mwake. Ni mrefu kumpita mtu, na ndani una tundu. Waya mwembamba ungepita.

Akainuka bila kuaga. "Huyu tumemkosea nini?" Omaido akauliza.

Mrija wake mwenyewe ulikuwa na ufa, na waya ungeupasua. Mrija mzima na mrefu kuliko yote Mella ulikuwa wa baba yake. Akongo aliutunza ndani ya ala ya mwanzi tangu msiba, na hakuna aliyeugusa. Okurut alimwonyesha kwa mikono anachotaka. Mama akamtazama, kisha akaenda kuuleta. "Edeku alipenda kunisikiliza," alisema. "Na mimi nitamsikilizia kwa huu."

Siku ya jina ilifika. Chungu kimejaa, mke wa Imalingat ameshanawa mikono. Akongo akatoka ndani, vikombe masikioni, sanduku begani kwa kamba, na mrija mkononi, mdomo wa kusikia umefungwa kwenye ncha yake kwa uzi na nta. Akakaa penye duara.

"Tulimaliza hii maneno," Imalingat akaanza, halafu akakwama. "Hiyo... hiyo si mrija ya ndugu yangu?"

"Ni yake," Okurut akajibu.

Kwao, mrija wa mtu ulipo kwenye duara, kiti chake kipo, na hakuna anayemwinua aliyeushika. Imalingat akamtazama mkewe, naye mama yule, mwenye busara kuliko mumewe, akajipangusa mikono na kusogea.

Akongo akaunyoosha mrija kwa shemeji yake. "Taja majina, Imalingat. Usipige kelele."

Akayataja. Mashine haikulia. Bibi akaitikia kila jina, kisha akachovya kidole. "Alungat," akaita.

Mtoto akakunja uso. Matone yakamteleza kidevuni.

"Ametema!" Imalingat akadakia. "Wote mmeona. Tafuta jina ingine."

Akongo alirudisha ncha ya mrija polepole mpaka chini ya kidevu cha mtoto, akafumba macho. Watu wote wenye masikio mazima wakainama kusikiliza, na hawakusikia kitu.

"Hilo la kidevuni ni mate," bibi akasema. "Nimesikia koo. Amemeza. Na sasa anatafuta tena."

Akachovya kidole mara nyingine. "Alungat." Safari hii mtoto alikinyonya kwa pupa hata Imalingat mwenyewe akaona koo likipanda na kushuka.

Vigelegele vikapasuka. Akongo akashtuka, akakizungusha kitasa kupunguza, huku machozi yanamtiririka na anacheka, anacheka pamoja na wenzake, wala hakuchelewa. Kisha akaugeuza mrija wa Edeku, akaunyoosha moja kwa moja kwa shemeji yake.

"Haya, Imalingat," akasema. "Rudia ile methali yako. Siku ile sikuisikia."